Nambari pekee haitoshi kuujua moyo wa mwanafunzi

Wahenga walinena kwamba moyo wa mtu ni msitu wa giza. Hata hivyo, wanasaikolojia hawakusita kuingia msituni humo na vipimo mkononi. Mwaka wa 1991, C. R. Snyder wa Marekani na wenzake walichapisha hojaji ya kupima tumaini yenye kauli 12: nne hupima nia ya mtu ya kulifuata lengo lake, nne uwezo wake wa kubuni njia za kulifikia, na nne zilizosalia hazihesabiwi. Mwaka wa 2006, Michael Steger na wenzake wakatoa nyingine ya kauli 10, inayouliza kama mtu anaiona maana ya maisha yake au angali anaitafuta. Hojaji zote mbili zimetafsiriwa kwa Kichina na kujazwa na wanafunzi wengi wa China.

Sipingi vipimo hivi. Ninalouliza ni hili: tukishaipata nambari, tumejua nini?

Mtazame kijana wa Kichina anayejiandaa kwa gaokao, mtihani wa kuingia chuo kikuu. Mwaka wa 2024 waliojiandikisha walikuwa milioni 13.42. Anayewapita wengi hao na kuingia Chuo Kikuu cha Peking hakukosa nia wala njia. Hapana shaka tungetarajia tumaini lake liwe la juu. Lakini mwaka wa 2016, Xu Kaiwen, daktari wa akili aliyekuwa akiwashauri wanafunzi chuoni humo, alieleza kwamba asilimia 40.4 ya wanafunzi wapya waliona maisha hayana maana. Hali aliyoishuhudia aliiita ugonjwa wa moyo mtupu.

Yupo atakayesema kiini ni ukosefu wa kazi. Ni kweli kwamba mnamo Juni 2023 asilimia 21.3 ya vijana wa mijini wanaotafuta kazi hawakuwa nayo. Lakini Xu alinena miaka saba kabla ya hapo, tena juu ya vijana wa chuo kinachotamaniwa kuliko karibu vyote nchini.

Kwa maoni yangu, kasoro imo katika lengo lenyewe. Mtu aweza kuwa na nia ya chuma na njia tele za kufikia lengo alilochaguliwa na wazazi, walimu na mtihani. Siku anapolifikia, hana la kufuata tena.

Nayasema haya nikijihukumu mwenyewe. Nilipokuwa mwalimu, mwanafunzi wangu mmoja aliongoza darasa zima. Siku ya matokeo nilimkuta ameketi peke yake. Akaniuliza, "Mwalimu, sasa je?" Nilimpa mkono wa pongezi, nikaenda zangu.

Basi hojaji na zijazwe. Lakini baada ya kujumlisha alama, mtu na aketi na kijana huyo amuulize swali ambalo mimi sikumuuliza wangu: lengo hili ni la nani?