Mvua ya Meru Hutoka Baharini

Novemba ndio mwezi wa maji katika mji wa Meru. Mawingu hushuka hadi yakagusa vilele vya miti ya msitu wa Imenti, Mto Kathita hugeuka mwekundu, na njia za vitongojini huwa tope tupu. Ukimwuliza mwenyeji mvua hii inatoka wapi, atakunyoshea kidole upande wa Mlima Kenya. Jibu lake ni kweli nusu. Mlima hauna maji ya kwake; unachofanya ni kuyazuia yanayopita. Mvua inayonyesha Meru, Chuka na Embu imeletwa na pepo kutoka Bahari ya Hindi, iliyo umbali wa zaidi ya kilomita 400, na ningetamani kila mtoto wa shule za huku alijue hilo kabla hajakaririshwa kwamba Batian ina urefu wa mita 5,199.

Mabaharia wa Lamu na Mombasa walizifahamu pepo hizo karne nyingi kabla ya kuwapo kituo chochote cha hali ya hewa. Kusi huvuma katikati ya mwaka kutoka kusini-mashariki, kaskazi hushika zamu mwishoni mwa mwaka kutoka kaskazini-mashariki, na katika vipindi vya kupokezana ukanda wa mvua hupita juu ya ikweta, ambayo inapita kusini kidogo tu ya mji wa Meru. Pepo zote mbili hufika zikitokea upande wa bahari. Zinapovuka nyika kavu ya mashariki mwa Kenya hazidondoshi maji mengi, kwa sababu hakuna cha kuzisukuma juu. Kisha zinaukuta mlima.

Hapo ndipo kazi inapofanyika. Hewa inayolazimishwa kupanda hutanuka, ikitanuka hupoa, na ikipoa haiwezi tena kuubeba mvuke wote iliokuja nao. Hewa kavu hupoteza karibu nyuzi 10 za Selsiasi kwa kila mita 1,000 inazopanda. Mvuke unapoanza kuwa matone hutoa joto lake, kwa hiyo kupoa kunapungua kasi, lakini hewa huendelea kupanda na mawingu kunenepa. Miteremko ya kusini-mashariki mwa mlima hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Upande wa kaskazini, hewa ileile ikiwa imekwisha kukamuliwa, hupata chini ya 900. Anayetoka mjini Meru kwenda Isiolo huyaona haya kwa macho yake katika safari ya kama kilomita 50: anaacha migomba na kahawa, anateremka, na kabla hajafika ameingia katika nchi ya migunga na ngamia.

Visiwa vya Karibi vinaishi kwa kanuni hiyohiyo. Nchini Jamaika, pepo za kaskazini-mashariki hupanda milima ya Blue Mountains, ambayo kilele chake kina mita 2,256, na kuuloanisha mji wa bandari wa Port Antonio kwa mvua nyingi mara kadhaa kuliko ile inayoufikia mji mkuu, Kingston, ulio nyuma ya milima. Huko pia kahawa iliyo bora hulimwa miteremkoni, katikati ya ukungu.

Vitabu vingi vya shule hueleza kwamba masika ndiyo mvua kuu ya Kenya na vuli ni nyongeza. Kwa mkulima wa Meru maelezo hayo hayamsaidii. Mji wake umeelekea kaskazini-mashariki, kwa hiyo mvua za Oktoba hadi Desemba ndizo nzito, na mwaka wake wa chakula husimama au kuanguka kwa vuli. Vuli nayo hutegemea joto la bahari. Mwaka 1999 wanasayansi wakiongozwa na Saji na Yamagata walieleza katika jarida la Nature jinsi Bahari ya Hindi inavyobembea: miaka mingine maji ya upande wa Afrika hupata joto kuliko kawaida huku yale ya karibu na Sumatra yakipoa, na miaka mingine huwa kinyume. Bahari ikipata joto upande wetu, vuli hufurika, kama ilivyokuwa 1997 na 2019. Mwaka 2022 mizani ilikuwa imelalia upande wa pili, na mashamba yakakauka. Ndiyo maana mtu anayepanda maharagwe Nkubu ana sababu nzuri ya kufuatilia habari za bahari ambayo pengine hajawahi kuiona.

Mvua ni nusu ya habari. Nusu nyingine iko chini ya miguu. Mlima Kenya ni volkeno iliyozimika, iliyowaka sana kati ya miaka milioni 3.1 na 2.6 iliyopita, na zaha yake ilioza polepole ikawa ule udongo mwekundu, wenye kina kirefu, unaohifadhi maji bila kutuama. Lakini zaha ilikwenda hadi mahali fulani ikakoma. Ukiteremka kutoka Runyenjes kuelekea Ishiara, au kutoka Embu mjini kuelekea Siakago na Kiritiri, unafika mahali ambapo wekundu unaisha na mchanga unaanza. Hapo umetoka kwenye mwamba wa volkeno na kuingia kwenye miamba ya kale zaidi, yenye umri wa mamia ya mamilioni ya miaka, ambayo udongo wake ni mwepesi na wenye rutuba haba. Watu wa Mbeere na Tharaka wamepungukiwa mara mbili: mvua imepungua na udongo umedhoofika, na yote mawili hutokea karibu mahali pamoja. Huwa nakereka ninaposikia ukame wa huko ukielezwa kana kwamba ni uvivu wa watu.

Katika kaunti ya Embu mfuatano huu umepangika waziwazi kiasi kwamba watafiti wa kilimo wameutumia kwa miongo kadhaa. Wajerumani Ralph Jaetzold na Helmut Schmidt, walipoichora ramani ya kanda za kilimo za Kenya katika miaka ya 1980, waliigawa miteremko hii kwa vipande: juu kabisa msitu, kisha chai, kisha chai na kahawa pamoja, kisha kahawa peke yake, kisha pamba, kisha mtama na mifugo. Rukuriri na Mungania wanachuma majani ya chai penye baridi; chini, Mbeere wanavuna mawele, ndengu na muguka, zao ambalo Mei 2024 kaunti za Mombasa na Kilifi zilijaribu kulipiga marufuku. Upande wa Meru, viazi vya Kibirichia, ndizi za Imenti, miraa ya Igembe na maembe ya Tharaka hukutana katika soko la Gakoromone. Bidhaa hizo zimetoka katika hali za hewa zinazotofautiana kabisa, lakini zote zimeletwa kwa safari ya saa chache. Hii ndiyo tabia ya Meru kama mji: umekaa katikati ya ngazi, na biashara yake ni kupokea kutoka juu na chini. Afisa wa Kiingereza E. B. Horne, ambaye Wameru walimwita Kangangi, alipoanzisha kituo cha serikali hapo mwaka 1908, alikuwa amechagua mahali pazuri kuliko alivyoweza kujua.

Barabara ya Embu hadi Meru ni somo lingine. Mito ya mlima huu hutawanyika kutoka kileleni kwenda pande zote, na barabara, kwa kuzunguka ubavu wa mlima, hulazimika kuikata yote. Thuci, Ruguti, Maara, Nithi, Mutonga, Thingithu, Kathita: kila mto umechimba bonde lake, na kati ya mabonde hayo kuna migongo mirefu ya ardhi ambako watu wamejenga. Migongo hiyo ndiyo iliyowatenga na kuwapa watu majina: Waembu, Wachuka, Wamuthambi, Wamwimbi, Waigoji, Waimenti, kila kundi likiwa na mto wake wa mpaka na namna yake ya kutamka. Mabonde yaleyale huua. Mnamo Julai 2022 basi lililokuwa likitoka Meru kwenda Mombasa lilitumbukia kwenye daraja la Nithi, na watu zaidi ya 30 wakapoteza maisha. Haikuwa ajali ya kwanza mahali hapo. Mteremko mrefu unaoishia kwenye kona na daraja ni hatari inayojulikana, na haiwezi kutibiwa kwa mabango ya kuwaonya madereva peke yake.

Wazee wa Meru wana masimulizi yanayoufunga mlima na bahari kwa njia nyingine kabisa. Wanasema asili yao ni Mbwa, kisiwa kilichotawaliwa na watu walioitwa Nguo Ntuni, wenye mavazi mekundu, waliowatesa kwa kuwapa kazi zisizowezekana. Kiongozi aitwaye Koomenjwe akawavusha maji, wengine usiku, wengine alfajiri, wengine mchana, na kutokana na nyakati hizo zikatokea koo nyeusi, nyekundu na nyeupe. Mwanahistoria Jeffrey Fadiman, aliyekusanya masimulizi ya wazee, alikihusisha kisiwa hicho na Manda, jirani ya Lamu. Manda hutengwa na bara na mkondo mwembamba wa Mkanda, ambao maji yakitoka hubaki na kina kidogo. Wapo wataalamu wasiokubali kwamba kabila zima lilitoka pwani. Kimeru ni ndugu wa karibu wa Kiembu, Kikikuyu na Kikamba, na uhusiano wake na Kiswahili ni wa mbali zaidi. Mimi naona yote mawili yanaweza kukaa pamoja: kundi dogo lenye kumbukumbu nzito linaweza kuwarithisha wengi hadithi yake. Na kwa mtu anayetoka pwani ya Lamu akitafuta nchi ya mvua, njia iko wazi, kwa sababu Mto Tana humwaga maji yake karibu na Kipini. Anayeufuata mto huo kwa kwenda juu atafika chini ya mlima huu.

Huo mto ndio unaorudisha mvua baharini. Wengi hudhani unalishwa na barafu ya kileleni, na kwa hiyo wanaogopa kwamba barafu ikiisha mito itakauka. Barafu kweli inaisha. Ile ya Lewis ilipoteza takriban asilimia 90 ya ujazo wake kati ya 1934 na 2010. Lakini hata zamani barafu ilikuwa sehemu ndogo mno ya maji haya. Yanayoilisha mito ni mvua inayonyesha msituni na kwenye nyika za juu, ikazama ardhini na kutoka polepole kwenye chemchemi. Kwa mkulima wa Imenti, msitu ukikatwa ni hasara kubwa kuliko barafu ikiyeyuka, na ningependa hofu yetu ielekee huko.

Hapa Embu na Meru zinatengana. Maji ya Rupingazi, mto wa Embu mjini, huingia Thiba na kisha bwawa la Kamburu, ambapo huanza kuzungusha mitambo ya umeme. Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, zilizojengwa kati ya miaka ya 1960 na 1988, zina uwezo wa takriban megawati 600. Mutonga na Kathita, kwa upande wao, huingia Tana baada ya bwawa la mwisho. Hakuna ukuta unaoyasimamisha maji yao. Kila vuli nzito ya Meru hushuka moja kwa moja hadi Garissa, Hola na Garsen, pamoja na udongo mwekundu iliochukua njiani.

Watu wa huko huipata kwa sura mbili. Mafuriko makubwa hubomoa nyumba na kuhamisha vijiji. Mafuriko ya kadiri ndiyo yanayowapa Wapokomo mashamba ya mpunga na maembe kingoni mwa mto, yanayowaoteshea Waorma malisho wakati wa kiangazi, na yanayopeleka mashapo kwenye mikoko ya delta, eneo lililotambuliwa chini ya mkataba wa Ramsar mwaka 2012. Serikali imekuwa na mpango wa bwawa la High Grand Falls, karibu na mahali Kathita inapokutana na Tana. Bwawa hilo lingekinga miji ya chini na kuongeza umeme. Pia lingeyashika mashapo ya mito ya mwisho iliyo huru, na kuamua ni lini delta ipate maji na kwa kiasi gani. Mkulima wa Imenti anayelima hadi kwenye ukingo wa mto, na mvuvi wa Kipini anayengoja maji ya tope yalete kamba, wanapaswa kuitwa katika mkutano mmoja kabla uamuzi huo haujafanywa.