Mwalimu mgeni akishuka Ipililo, nani ampokee?

KILA serikali inapotangaza majina ya walimu walioajiriwa, nyumba nyingi za Waislamu huingiwa na furaha na wasiwasi kwa wakati mmoja. Kijana aliyesomeshwa kwa taabu ameonekana katika orodha, alhamdulillah. Kisha jina la kituo husomwa mara ya pili na ya tatu: Halmashauri ya Wilaya ya Maswa, mkoani Simiyu. Mama aliyeko Tanga au Mkuranga huuliza huko ni wapi, na baba huanza kutafuta mtu aliyewahi kufika.

Simiyu ni mkoa ulioanzishwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Shinyanga, na makao makuu yake ni Bariadi. Maswa ni mojawapo ya wilaya zake, na Ipililo ni mojawapo ya kata za Maswa. Ni nchi ya Wasukuma, nchi ya pamba na mtama, ya ng'ombe, na ya viazi vitamu vinavyokatwa na kuanikwa vikawa michembe. Tumeitaja Ipililo si kwa kuwa ina upungufu kuliko kwingine, bali kwa kuwa inafanana na kata nyingi za nchi yetu ambako walimu wapya hupelekwa. Basi tuulize: mwalimu huyo akishuka kwenye gari na begi lake na godoro lake, ni nani mwenye jukumu la kumpokea?

Katika karatasi jibu lipo. Ataripoti kwa Mkurugenzi wa Halmashauri akiwa na vyeti vyake halisi, atafunguliwa jalada, atapewa barua ya kupangiwa kituo, na ataingia chini ya Tume ya Utumishi wa Walimu, chombo kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 2015. Atakuwa katika majaribio kwa miezi 12 kabla ya kuthibitishwa kazini. Utaratibu wa utumishi unataka apewe pia mafunzo elekezi. Hayo yote ni mema, na mzazi ni vizuri ayajue. Lakini jalada halimwonyeshi mtu kisima kilipo. Halimwambii ni nyumba gani ina chumba cha kupanga, wala ni mama gani atamuuzia maziwa kwa mkopo hadi mwisho wa mwezi.

Mwisho wa mwezi nao una habari yake. Mtumishi mpya hulipwa baada ya taarifa zake kuingizwa katika mfumo wa mishahara na kupewa namba yake ya utumishi. Akichelewa kuingizwa, mshahara wa kwanza unampita. Posho ya kujikimu nayo hutokea ikachelewa. Hapo ndipo tunapoona hatari ambayo ukurasa huu hauwezi kuinyamazia. Kijana wa miaka 25, mgeni, hana akiba, na nyumbani wanajua "ameshaajiriwa" kwa hiyo wameanza kumpigia simu wakiomba ada ya mdogo wake. Anakwenda kwa mkopeshaji wa mtaani, yule ambaye watu wamempa jina la kausha damu, naye humwachia kadi yake ya benki na namba yake ya siri. Mshahara unapofika, unaingia mfukoni mwa mtu mwingine. Tumewaona watumishi waliochukua miaka kutoka katika shimo walilochimba katika miezi yao miwili ya mwanzo.

Riba tunaikemea sana juu ya mimbari, na ni haki ikemewe. Lakini ni misikiti mingapi ina mfuko mdogo wa mkopo mwema, wa kumkopesha mgeni kama huyu fedha ya mchele, mafuta na kodi ya miezi miwili, airudishe bila nyongeza? Hazihitajiki fedha nyingi. Na awe Muislamu au asiwe, mwalimu huyo ndiye atakayewafundisha watoto wetu kusoma.

Tuingie darasani. Chuoni kijana amefundishwa kuandika azimio la kazi na andalio la somo, na amefanya mazoezi ya kufundisha kwa wiki chache akiwa na msimamizi. Sasa anakabidhiwa darasa lote. Kiwango kilichozoeleka kutajwa kitaifa ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45, lakini anayezijua shule za vijijini anajua darasa huweza kuzidi hapo mara mbili. Wengi wa watoto wa darasa la kwanza wanazungumza Kisukuma nyumbani, naye hajui neno. Mwalimu mkuu akimtwika darasa hilo siku ya pili kwa hoja kwamba "yeye bado ana nguvu", hajamsaidia yeye wala watoto. Afadhali akae wiki mbili nyuma ya darasa la mwalimu mzoefu, aone namna mwenzake anavyowanyamazisha watoto mia bila fimbo.

Jambo hili si geni katika nchi yetu. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, serikali ilipotaka kila mtoto asome, vyuo havikuweza kutoa walimu wa kutosha. Vijana waliomaliza darasa la saba walichukuliwa wakafundisha huku wakijifunza ualimu kwa njia ya posta na redio, na wakufunzi wakawatembelea katika vituo vyao. Wapo waliowadharau "walimu wa UPE", na kweli elimu yao ilikuwa na mipaka. Lakini katika umasikini ule, taifa lilikumbuka kwamba anayeanza kazi anahitaji mtu wa kumfuata alipo. Leo Uingereza, nchi tajiri, tangu Septemba 2021 imeongeza muda wa kumlea mwalimu mpya kutoka mwaka mmoja hadi miwili, na kila mmoja hupangiwa mlezi anayejulikana kwa jina.

Kwa jina! Hapo ndipo penye uzito. Ukisema "sote tutamsaidia", mgeni atalala njaa, maana kila mmoja atadhani mwenzake amepeleka chakula.

Tukirudi katika sira, mwaka mmoja kabla ya Hijra Mtume (s.a.w.) alimtuma Mus'ab bin Umayr kwenda Yathrib kufundisha. Kijana wa Makka aliyelelewa katika neema akawa mwalimu mgeni katika mji wa makabila yaliyokuwa na visasi vya miaka. Hakuachwa atafute njia mwenyewe. Alifikia nyumbani kwa As'ad bin Zurara, mwenyeji wa mji. As'ad hakumpa malazi tu. Alitoka naye, akaketi naye bustanini, na alipomwona Usayd bin Hudayr akija kwa hasira na mkuki mkononi, alimnong'oneza mgeni wake kwamba huyu anayekuja ni bwana wa watu wake. Mus'ab akajua anazungumza na nani, akamkaribisha kwa upole, na Usayd akachomeka mkuki ardhini akaketi kusikiliza. Wengi tunausimulia upole wa Mus'ab na kumsahau mnong'onezaji.

Mwalimu wa Ipililo naye anahitaji As'ad wake: wa kumwambia yupi ni mzee wa kusikilizwa, mzazi yupi ana ugomvi wa zamani na shule, na kwamba asubuhi ukikutana na mtu hapiti bila "mwangaluka". Kwa mwalimu wa kike haja ni kubwa zaidi. Binti aliyepangishwa chumba kisicho na kitasa, mbali na choo, hatamaliza mwaka kabla ya kuomba uhamisho, na tusimlaumu. Kamati ya shule na mwenyekiti wa kijiji waone chumba hicho kabla yake. Akipatikana mama mwenye heshima zake wa kuishi naye ua mmoja, wazazi wake kule Tanga watalala usingizi.

Hata vyuoni hali haiko mbali na hii. Msaidizi wa mhadhiri aliyekuwa mwanafunzi juzi hukabidhiwa ukumbi wa mamia na rundo la mitihani, na wakubwa zake humwona tena siku ya kikao tu.

Nanyi wazazi mliobaki nyumbani, mwacheni kijana miezi mitatu ya kwanza kabla ya kumtajia ada ya mdogo wake. Mpigieni simu, lakini muulizeni kwanza amekula nini.