Je, Wajua? Mahindi ya Kitale Yana Damu ya Ekuado

Ghala za Kitale na Bungoma hujaa mahindi, lakini mwenyeji hasa ni wimbi. Mahindi yalitokana na nyasi ya mwituni ambayo wakulima wa Meksiko walianza kuichagua mbegu miaka 9,000 hivi iliyopita. Wimbi lilitolewa mwituni huku huku, katika nyanda za juu za Afrika Mashariki. Kwenye pango la Kakapel, Busia, si mbali na Bungoma, wanaakiolojia wamefukua masalia ya wimbi, pamoja na kunde za miaka 2,300 hivi.

Atatokea wa kuuliza: asili ina faida gani, ikiwa kinachoshibisha ni mahindi? Jibu limo katika mahindi yenyewe. Watafiti wa Kitale walipotaka mbegu yenye mavuno zaidi, aina za hapa hazikutosha. Wakazipandanisha na mahindi ya Ekuado, na mwaka 1964 ikatolewa Haibridi 611. Nguvu mpya ilifuatwa ng'ambo, huko Amerika kwenye asili ya zao. Wimbi halihitaji safari hiyo: jamaa zake wa mwituni wangali wanaota Afrika Mashariki, hata ndani ya mashamba, ambako wapaliliaji huwang'oa kama magugu mengine.