Ukisema "Sawa, Ila…" Nyumba Imeondoka

Barua ya posa ikishapelekwa, wazee wa upande wa binti wakajibu "tumekubali, ila mahari iongezwe kidogo", hakuna anayekimbilia kuchapisha kadi. Kila mtu anajua hapo hawajakubali bado, kikao kinaendelea. Ajabu ni kwamba watu haohao wakienda kutafuta nyumba ya kupanga wanalisahau kabisa somo hilo.

Tuseme wewe na mchumba wako mmepata nyumba Sinza. Mwenye nyumba anakutumia ujumbe: laki nne kwa mwezi, unalipa miezi sita. Unamjibu, "Sawa, ila nitalipa mitatu kwanza." Moyoni umeshapanga kochi litakaa wapi. Kisheria hujakubali kitu! Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, kifungu cha 7, inataka kukubali kuwe kamili, bila masharti. Ukibadilisha bei, muda au namna ya kulipa, umetoa ofa yako mwenyewe, na ile ya mwenye nyumba umeiua. Kesho ukirudi mbio na "basi, nalipa yote sita", ana haki ya kukwambia ameshampa mtu mwingine. Imekula kwako.

Ndivyo ilivyomkuta bwana mmoja wa Uingereza, Hyde, mwaka 1840. Wrench alikuwa tayari kumuuzia shamba kwa pauni 1,000. Hyde akasema atatoa 950, Wrench akakataa. Siku mbili baadaye Hyde akaandika kwamba sasa anaafiki ile 1,000. Mahakama ikamwambia ofa hiyo ilishakufa pale alipotaja 950. Wanafunzi wa sheria wanaisoma kesi hiyo mpaka leo, hata hapa kwetu.

Sasa ina maana tusiombe kupunguziwa? Hapana jamani! Uliza, usitangaze sharti. "Je, inawezekana kulipa mitatu kwanza?" ni swali tu, na kesi ya Stevenson na McLean ya mwaka 1880, iliyohusu biashara ya chuma, ilionyesha kuwa swali la namna hiyo haliui ofa. Akisema haiwezekani, bado una nafasi ya kujibu "nimekubali", ilimradi yeye hajaiondoa ofa yake. Na kuiondoa anaweza. Hata kama alikuahidi "nitakushikia mpaka Jumamosi", kama hukumpa chochote anaruhusiwa kugeuka Ijumaa, mradi akujulishe kabla hujakubali. Ndiyo maana madalali wanapenda sana kile wanachokiita kishika uchumba. Ukikitoa, dai risiti inayosema ni cha nini na mpaka lini.

Halafu kuna kunyamaza. Kwenye posa za zamani binti akikaa kimya wazee walisema ameridhia. (Maskini, wengine walikuwa wameishiwa maneno tu.) Kwenye mikataba, kimya peke yake hakitoshi. Mwaka 1862 mzee Felthouse alimwandikia mtoto wa ndugu yake kwamba asiposikia jibu atahesabu farasi ni wake. Mahakama ikakataa. Kwa hiyo ujumbe wa "usiponijibu leo nahesabu umekubali" usikunyime usingizi. Lakini ukichukua funguo na kuingiza vitanda, usije ukasema hukukubali, maana vitendo vyako vimeshajibu.

Na simu je? Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaitambua mikataba inayofanyika kwa njia hiyo, kwa hiyo "poa, tumekubali" ya usiku wa manane inaweza kuwafunga. Kubalianeni kwanza nyinyi wawili, kisha mmoja tu ndiye ajibu. Mkifika kwenye kununua kiwanja mambo ni mengine: Sheria ya Ardhi inataka maandishi yenye sahihi, na "poa" ya kwenye simu msiitegemee.