Chumba cha Kabaka

Muumini Mkatoliki wa Mwanza hahitaji kuelezwa Kizito ni nani. Kama si jina lake mwenyewe la ubatizo, basi ni la jirani, la shule au la kwaya ya kigango chake. Kila tarehe 3 Juni husikia upya habari za Karoli Lwanga na wenzake, Kizito akiwamo, waliochomwa moto Namugongo mwaka 1886 kwa amri ya Kabaka Mwanga wa Buganda. Kisichosikika sana kanisani ni kwamba Mwanga huyohuyo aliwahi kuishi huku kwetu. Miaka michache tu baada ya moto ule alikuwa mgeni wa misheni ya Bukumbi, kusini mwa mji wa Mwanza, kandokando ya ghuba. Alilala chini ya paa la Mapadre Weupe, watu walewale waliokuwa wakiandika barua Ulaya kumweleza kuwa dhalimu na mwasherati. Mahubiri yana dakika zake chache, na Bukumbi inaichafua hadithi.

Alifikaje? Mwanga alirithi kiti cha baba yake, Mutesa, mwaka 1884, akiwa kijana wa miaka kama kumi na sita. Kufikia Septemba 1888 alikuwa ameshawatisha wote waliokuwa na bunduki, Waislamu na Wakristo pamoja, wakaungana kumwondoa. Alikimbia kwa mitumbwi akiwa na watumishi wake wachache, akavuka ziwa hadi Magu. Huko wafanyabiashara Waarabu walimpokea, kisha wakamshikilia na kumpunguzia mali aliyokuja nayo. Akawatoroka, akaomba hifadhi Bukumbi. Wenyeji wake huko hawakuwa na hali nzuri sana kumzidi: mwezi mmoja baada yake wamisionari nao walifukuzwa Buganda, wakashuka kusini, na boti iliyowabeba ilitobolewa na kiboko njiani. Kwa hiyo pale Bukumbi walikutana mfalme asiye na nchi na mapadre wasio na waumini, kila upande ukimhitaji mwenzake. Msamaha katika hali kama hiyo hauchelewi.

Mwaka 1889 Mwanga aliondoka kusini mwa ziwa kwa msaada wa Charles Stokes, mmisionari wa zamani aliyegundua kwamba biashara ya pembe na bunduki inalipa zaidi. Waliompigania arudi kwenye kiti walikuwa Wakristo wa Buganda, ndugu na marafiki wa wale waliochomwa. Miongoni mwao alikuwamo Apolo Kagwa, ambaye mwaka 1886 alipigwa na Kabaka mwenyewe na kunusurika kifo. Mwanzoni mwa 1890 Mwanga alikuwa amerudi Mengo, makao yake ya kifalme. Miaka saba baadaye aliwageukia Waingereza kwa vita, akashindwa, na mwaka 1899 akakamatwa pamoja na Kabalega wa Bunyoro. Alifia uhamishoni Shelisheli mwaka 1903, akiwa amebatizwa kwa jina la Danieri. Mwaka 1910 mifupa yake ilirudishwa na kuzikwa Kasubi kwa heshima zote za Kabaka, kando ya baba yake. Waganda wengi humhesabu kuwa mfalme aliyekataa kuitoa nchi bila kupigana, na hawakosei.

Basi mtu huyu mmoja ni mtesi wa watakatifu ishirini na wawili waliotangazwa na Papa Paulo wa Sita mwaka 1964, na pia ni shujaa wa kupinga ukoloni. Ugomvi juu yake huanzia kwenye chumba chake cha ndani. Simulizi ya kimisionari inasema Mwanga aliwataka kimwili vijana waliotumika ikulu, kwamba vijana Wakristo walikataa, na kwamba hasira ya kukataliwa ndiyo iliyowasha kuni za Namugongo.

Tuwaangalie mashahidi kwanza. Karibu yote yanayosemwa juu ya chumba kile yametoka kwa watu waliokuwa na shauri lao. Wamisionari walikuwa wakiandikia wafadhili wa Ulaya, na mfalme mwasherati anayeua wacha Mungu huchangiwa fedha haraka kuliko mfalme anayehofia nchi yake isiibwe. Wakaongeza kwamba tabia hiyo alifundishwa na Waarabu wa pwani, ambao kwa bahati nzuri ndio waliokuwa washindani wao wa kidini na kibiashara. Kwa upande wa Waganda, historia ya kwanza ya wafalme wa Buganda kuchapishwa kwa Kiganda, mwaka 1901, iliandikwa na Kagwa yuleyule, aliyekuwa Katikiro, yaani waziri mkuu, na mlezi wa mtoto aliyekalishwa kwenye kiti cha Mwanga baada ya kuondolewa kwake. Ni sawa na kumwomba mpangaji mpya aeleze kwa nini wa zamani alifukuzwa.

Siku hizi wameongezeka mawakili wengine. Katika mabishano ya Uganda juu ya sheria za kupinga ushoga, ile ya 2014 na ile ya 2023, wapo wanaomtaja Mwanga kuwa ushahidi kwamba mapenzi ya jinsia moja hayakuletwa na Mzungu, na wapo wanaomtaja kuwa ushahidi wa uovu unaoua vijana wa Mungu. Pande zote mbili zimemshika Kabaka mkono, kila mmoja anamvuta kwake. Wote wanabishana kuhusu alimtamani nani, na hilo ndilo swali lisilo na faida kabisa katika habari hii.

Kuna sababu nyingine za 1886 zisizohusu kitanda. Mwaka 1885 Wajerumani walikuwa wameshaanza kujitwalia bara nyuma ya pwani ya Zanzibar, na habari zilimfikia Mwanga. Buganda kulikuwa na imani ya zamani kwamba atakayeimeza nchi atatokea mashariki, na Askofu James Hannington akachagua kuja kwa njia hiyohiyo ya mashariki, kupitia Busoga. Aliuawa Oktoba 1885. Yosefu Mukasa Balikuddembe, msimamizi wa vijana wa ndani ya ikulu, alimkemea Kabaka kwa kifo hicho, naye akauawa Novemba. Mfalme wa miaka kumi na saba aliona watumishi wake wa chumbani wana bwana mwingine, wanapokea maagizo kwa wageni, na wanamsomesha hata mtoto wa Katikiro wa wakati huo, aliyemtangulia Kagwa. Yeyote aliyewahi kutawala kwa hofu anaijua hofu hiyo.

Lakini maelezo haya ya siasa, ambayo wanahistoria wengi wa siku hizi huyapenda, yana mtego wake pia. Yanalifunga suala la chumba kana kwamba lilikuwa umbea wa mapadre tu. Halikuwa umbea. Masimulizi yanakubaliana kwamba Balikuddembe, na baada yake Lwanga, walikuwa na kazi isiyoandikwa popote: kuwaweka wadogo mbali na mfalme kila alipoita. Kazi ya namna hiyo haizuki mahali pasipo na tatizo. Mei 1886 Mwanga alirudi kutoka kuwinda viboko ziwani, akakuta vijana hawapo, na kwa masimulizi hayohayo aliyemtafuta zaidi alikuwa Mwafu, mtoto wa Katikiro. Alipojua kwamba Mwafu alikuwa akifundishwa dini na Denis Ssebuggwawo, Ssebuggwawo alichomwa mkuki. Mauaji yalianzia hapo.

Angalia vizuri huyo mtoto alikuwa wa nani. Baba yake alikuwa mtu wa pili kwa ukubwa katika ufalme mzima, na bado hakuwa na uwezo wa kumtoa mwanawe kwenye chumba kile, au hakutaka, maana cheo chake kilitoka mkono uleule. Ndivyo ikulu ya Buganda ilivyokuwa imejengwa. Machifu walipeleka watoto wao wa kiume kutumika kwa Kabaka, mtoto akiwa njia ya familia kupanda. Kumwondoa mtoto ilikuwa kuondoa matumaini ya ukoo. Mtoto mwenyewe kusema hapana ilikuwa hatari tupu.

Kwa hiyo ninapoulizwa kama ni haki kumhukumu Mwanga kwa mambo yake ya faragha, huuliza kwanza: faragha ipi? Faragha ni ya watu wanaoweza kuamka na kutoka. Chumba ambacho anayeitwa hawezi kukataa ni sehemu ya serikali, sawa na baraza na gereza, na kinachofanyika humo kinahukumiwa kama tunavyohukumu kodi au vita. Kama wangekuwa wasichana, na katika majumba ya wafalme wengi wa ukanda huu walikuwa wasichana, hukumu ingekuwa ileile, ingawa mahubiri yangekuwa machache zaidi. Na kila ambacho watu wazima walikubaliana kwa hiari, iwe kwa Kabaka au kwa diwani, mimi sina hamu ya kukijua, na ningewashauri wanahistoria nao wapunguze hamu.

Kipimo hiki nakipenda kwa sababu hakiwaonei waliochafuliwa na maadui peke yao. Kinawafikia pia waliosafishwa na wapenzi wao, na kwenye ziwa letu tuna mfano mkubwa upande wa mashariki.

Mwaka 2005 Jimbo Katoliki la Musoma lilifungua mchakato wa kumtangaza Julius Nyerere mwenye heri, na tangu hapo anaitwa Mtumishi wa Mungu. Mahujaji wa Tanzania huenda Namugongo kuombea mchakato huo tarehe 1 Juni, siku mbili kabla ya sikukuu ya mashahidi. Pale ambapo chumba cha Kabaka mmoja kililaaniwa, panaombewa maisha ya rais mmoja yatukuzwe. Na maisha yake ya ndani yanapendeza kuyasimulia: mtoto wa Burito, chifu wa Wazanaki aliyekuwa na wake ishirini na wawili, akabatizwa Nyegina mwaka 1943, akafunga ndoa moja na Maria Waningu mwaka 1953, akaishi kwa kufunga na kusali, misa asubuhi na mapema, hadi London alikofia mwaka 1999. Rais wa Afrika aliyestaafu akarudi kijijini bila jumba Uswisi ni habari njema hata kwa asiye na dini.

Ila mimi nina wasiwasi na matumizi ya habari hiyo njema. Huku mitaani hutumika kama jibu la kila swali. Ukitaja Sheria ya Kuweka Watu Kizuizini ya 1962, iliyomwezesha Rais kumfunga mtu bila kumpeleka mahakamani, utaambiwa Mwalimu alikuwa mtu wa sala. Ukitaja nyumba zilizobomolewa na kuchomwa wakati wa Operesheni Vijiji miaka ya sabini, utaambiwa hakujilimbikizia mali. Majibu hayo ni ya kweli, na hayahusiani na maswali. Tunarudia kosa la wale wamisionari, kwa mwelekeo wa kinyume: wao walitafuta chumbani sababu ya kulaani siasa, nasi tunatafuta chumbani sababu ya kuzisamehe.

Ukitumia kipimo cha nani aliweza kukataa, hata maisha ya ndani ya Mwalimu yanafunguka mahali pengine. Akiwa bado mwanafunzi, baba yake alimtolea mahari ya ng'ombe kwa binti mmoja wa Kizanaki, kwa desturi ya wakati ule. Waandishi wa maisha yake hulitaja kama kikwazo ambacho Julius alilazimika kukiondoa ili afunge ndoa ya Kikristo. Yeye alikiondoa. Binti hakuulizwa alipotolewa mahari, na sijaona mwandishi aliyejishughulisha sana kumuuliza baadaye. Hilo si doa la Nyerere, maana naye alikuwa kijana aliyepangiwa. Linaonyesha tu jinsi jicho la msimulizi linavyomfuata mkubwa hadi linamwacha aliyekuwa pembeni yake.

Na huku kwetu Mwanza tuna shauri letu. Mwaka 1976, katika operesheni ya kukomesha mauaji katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga, watuhumiwa walikamatwa kwa wingi, wakateswa, na baadhi walifia mikononi mwa vyombo vya dola. Mwaka uliofuata Ali Hassan Mwinyi, waziri wa mambo ya ndani, alijiuzulu, wakuu wa mikoa hiyo miwili nao wakaondoka, na maofisa wakafikishwa mahakamani. Kwa viwango vya Afrika ya wakati ule hilo lilikuwa jambo kubwa, na ni haki Nyerere ahesabiwe hilo. Kujiuzulu kwenyewe hakukuwa na madhara ya kudumu: miaka minane baadaye aliyejiuzulu alikuwa Rais. Hadithi ya uwajibikaji wa Mwinyi husimuliwa hadi leo kwenye semina za utawala bora. Waliofia mahabusu hawana nafasi katika semina hizo hata kwa majina, ingawa wao ndio walioifanya hadithi iwepo.

Zamani Kanisa lilikuwa na mtu wa kazi maalumu ya kumpinga mtakatifu mtarajiwa, aliyejulikana kama wakili wa shetani. Mageuzi ya Papa Yohane Paulo wa Pili mwaka 1983 yalimpunguzia sana kazi, na watakatifu wakaongezeka haraka, jambo ambalo nisingethubutu kuliita matokeo. Lakini mageuzi hayohayo yaliacha sharti moja: askofu anayeongoza mchakato anapaswa kutafuta ushahidi wa kumtetea Mtumishi wa Mungu na ushahidi wa kumpinga pia. Sharti hilo halisemi ushahidi uwe wa padre, wa mjane wa kiongozi au wa waziri mstaafu. Mzee wa Misungwi au wa Maswa ambaye baba yake alichukuliwa usiku mwaka 1976 ana sifa zote zinazotakiwa, na kutoka Mwanza hadi Musoma ni safari ya asubuhi moja.