Fahamu: Ruzuku ya chanjo ya mifugo humfikia lini mfugaji wa Mbinga na Nyasa?

Ruzuku, yaani sehemu ya gharama inayobebwa na serikali, haimfikii mfugaji wa Mbinga au wa mwambao wa Ziwa Nyasa kama fedha taslimu, bali kama punguzo la bei siku ile chanjo inapotolewa, na kwa hiyo tarehe ya chanjo ndiyo tarehe ya kupokea ruzuku. Ndivyo ilivyo katika kampeni ya kitaifa ya chanjo na utambuzi wa mifugo, iliyozinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan huko Bariadi mwezi Juni 2025 kwa kipindi cha miaka mitano: ng'ombe huchanjwa dhidi ya homa ya mapafu kwa shilingi 500, mbuzi na kondoo dhidi ya sotoka kwa shilingi 300, na kuku bila malipo.

Wakati una uzito hasa kwa kuku. Kideri, ugonjwa wa virusi unaoweza kumaliza banda zima kwa siku chache, huvuma zaidi kiangazi kuelekea mvua za mwisho wa mwaka, na kwa kuwa kinga huhitaji takriban wiki mbili kujengeka, kisha hufifia baada ya miezi michache, dozi inayofika kuku wakiwa wameshaanza kuzubaa na kuharisha kijani haiokoi kitu, hata ikiwa ya bure. Kwa upande wa ng'ombe, ambao chanjo yao hulipiwa, familia nyingi za Wamatengo, wenyeji wa Mbinga, hupata fedha kahawa inapouzwa, baada ya mavuno yanayoanza katikati ya mwaka, na hapo ndipo mchango huo hulipika kwa urahisi zaidi. Nguruwe, wanaofugwa sana Mbinga, hawaguswi na chanjo hizo, na homa ya nguruwe ya Afrika bado hudhibitiwa kwa karantini na usafi wa banda.