Nakala na Rejeo: Usimamizi wa Rasilimali za Pamoja katika Uprogramu wa Michoro

Makala haya yanalinganisha mikabala miwili ya kusimamia rasilimali za pamoja katika uprogramu wa michoro, na kuonyesha kwa nini uteuzi wa istilahi za Kiswahili katika uwanja huu si suala la mapambo. Mfano mkuu ni LabVIEW, programu iliyotolewa na National Instruments mwaka 1986, ambamo mtumiaji huunganisha visanduku kwa nyaya badala ya kuandika mistari ya amri. Data hutiririka katika nyaya hizo.

Tuchukulie kwamba kituo cha kupima kina cha Ziwa Tanganyika kimewekwa Kajaga, kwenye barabara ya Bujumbura kuelekea Gatumba, ukanda unaoyajua mafuriko. Programu yake ina vitanzi viwili vinavyoendeshwa sambamba, kila kimoja kikisoma kihisi chake. Vyote huongeza hesabu moja ya vipimo vilivyovuka kiwango cha hatari, na king'ora hulia hesabu ifikapo 9. Ikiwa hesabu imo katika kigeu cha jumla na vitanzi vyote vikaisoma kwa pamoja ikiwa 7, kila kimoja kitaandika 8. Kipimo kimoja kimepotea, king'ora kimenyamaza.

Mkabala wa kimapokeo huificha hesabu ndani ya programu ndogo moja, katika rejista inayotunza thamani kati ya wito mmoja na mwingine. Programu ndogo hiyo haiendeshwi mara mbili kwa wakati mmoja, hivyo anayefika wa pili husubiri. Sharti ni kwamba kusoma, kuongeza na kuandika vifanyike ndani ya wito mmoja. Zikiwekwa amri za "soma" na "andika" pekee, kasoro hurudi. Aidha, vituo vikiongezeka, programu ndogo hiyo hulazimika kunakiliwa au kupanuliwa.

Mkabala wa objekti, ulioingia LabVIEW mwaka 2006 katika toleo la 8.20, huweka data na kazi zake katika klasi moja, na kila kituo huwa objekti ya klasi hiyo. Data haiguswi ila kupitia kazi za klasi. Hata hivyo, objekti hizi hufuata kanuni ya mtiririko: waya ukigawanyika, kila tawi hubeba nakala yake. Vitanzi vyetu vitahesabu kila kimoja kivyake, na king'ora kitanyamaza tena. Kinachohitajika ni rejeo, yaani anwani ya thamani moja inayofungwa wakati mmoja anapoibadilisha. Nyenzo hiyo ilikuja na toleo la 2009.

Basi kinachozuia mgongano ni kuwapo kwa mlango mmoja wa kuifikia thamani; klasi peke yake haitoshi. Kwa rasilimali moja, mkabala wa kimapokeo unatosha. Kwa nyingi za aina moja, klasi pamoja na rejeo hufaa zaidi.

Kiswahili tayari hutofautisha kugawana, ambako kila mtu huondoka na fungu lake, na kushirikiana, ambako wote hutumia kitu kilekile. Mwongozo unaotumia neno moja kwa dhana zote mbili utampotosha mhandisi pale pale penye hatari. Tunapendekeza watunga mitaala na istilahi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki waziingize dhana hizi kwa jozi: kugawana nakala, kushirikiana kwa rejeo.